Kabla ya Mauzo ya Kwanza

Juni 8

Daftari hili nimelinunua mwenyewe. Muuza vitabu wa kituoni akaniuliza, bibi, la mjukuu? Nikamwambia la kwangu, na kalamu unipe isiyovuja. Sikwenda shule hata siku moja. Herufi nimefundishwa uzeeni na mwanangu Fakirappa, kwa zile mbao zinazowekwa mbele ya basi kuonyesha linakokwenda. Alikuwa nazo mbili kuukuu. Mpaka leo nikiandika naona kama nasafiri.

Naandika kwa sababu wakili kasema kesi yetu itakwisha msimu huu wa mvua. Fakirappa alikuwa kondakta wa basi la serikali miaka ishirini na miwili. Wakamfukuza, wakisema amekula nauli. Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Mwaka jana Mahakama ya Kazi ilisema arudishwe kazini na alipwe mishahara yote ya nyuma. Shirika la mabasi likakataa, likaenda Mahakama Kuu, Dharwad, jaji aitazame hukumu ile upya. Basi tunangoja tena.

Amebakiza miezi kumi na sita afikie umri wa kustaafu. Jaji akichelewa hadi hapo, hakuna basi la kumrudisha. Na akisema hapana, mwanangu atakufa na jina la mwizi. Mimi nina miaka sabini na sita. Sitaki kufa mama wa mwizi.

Kwa hesabu ya wakulima leo imeingia mvua ya Mirga, ya kwanza. Angani hakuna kitu.

Juni 10

Jumanne, siku ya soko. Nimeuza mafungu thelathini ya majani ya uwatu. Mvua hakuna.

Juni 13

Fakirappa anafanya kibarua kwenye kinu cha pilipili. Anarudi mwekundu mpaka kope, anapiga chafya kama mbuzi. Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda, anachana nywele, anasimama mlangoni, na basi likipita barabarani anasema, "Limechelewa dakika sita." Au nne. Hasemi lingine.

Mkewe Kashavva anapika shuleni, vyungu vinavyotosha kuogea ng'ombe. Ana ulimi mfupi na uso wa ndimu. Mimi nikicheka yeye anafagia. Nimekaa naye nyumba moja miaka thelathini na sijui anapenda nini.

Juni 18

Fakirappa na Kashavva walikwenda Dharwad. Kesi haikuitwa. Mvua hakuna.

Juni 24

Leo njiani kwenda sokoni kumetokea jambo, niliandike lote.

Basi la asubuhi lilikuwa na kondakta mgeni, kijana. Akamwambia Dyamavva, mwenzangu wa sokoni anayeuza bilingani, atoe nauli. Dyamavva akasema atalipa wakati wa kurudi. Kijana akacheka. Dyamavva akamwambia, "Sijauza hata bilingani moja, unataka nifungue siku kwa kutoa?" Akajibiwa basi si kibanda chake, alipe au ashuke. Akalipa. Siku nzima alikaa amenuna, na jioni alirudi na nusu ya kikapu, akasema si niliwaambia.

Kwetu muuzaji hatoi hata senti kabla hajapokea. Pesa ya kwanza ya siku ndiyo boni. Unaipokea, unaigusisha machoni, ndipo mkono unafunguka. Ukianza kwa kutoa, siku yote inakutoka. Si umaskini. Nauli kila mmoja wetu anayo kwenye pindo la sari. Ni mkono tu umefungwa.

Fakirappa aliijua desturi hii tangu nikiwa na mimba yake. Alipopangiwa basi la njia yetu, mimi mwenyewe nilimwambia, mwanangu, hawa wenzangu wasikutane na aibu kwenye basi lako. Basi akawa anatupandisha asubuhi bila tiketi, wanawake kumi na mmoja, na jioni basi hilohilo likiturudisha tulilipa safari mbili, naye akatukatia tiketi mbilimbili. Miaka minne hakupotea mtu wala senti.

Kisha siku moja kwenye daraja la mfereji gari la wakaguzi likatuzuia. Mkaguzi aliitwa Bellad, mtu mfupi mwenye miwani. Akamshusha Fakirappa na mkoba wake, wakaanza kumhesabia pesa kule nje. Bellad akaja kwetu. Akauliza, tukajibu sote kwa pamoja, akaandika ukurasa mzima. Kisha akatoa kisanduku cha wino, akasema wekeni dole. Wenzangu walisita. Dyamavva alisema, tusijue kilichoandikwa?

Mimi ndiye niliyesema wekeni basi, jua linapanda, uwatu unanyauka. Na nikatangulia.

Wino ule ulikaa kwenye dole siku tatu, nikapikia mikate. Fakirappa alifukuzwa kwa karatasi ile. Tangu hapo, kila asubuhi nikisukutua, maji nayatema na jina la Bellad. Miaka kumi na miwili sijaruka siku. Na ndiyo maana nilidai kufundishwa kusoma, asije mtu mwingine akanipa karatasi nikaigonga dole kama ng'ombe anayetiwa chapa.

Lakini hili la kutangulia sijamwambia mtu. Daftari, wewe ni wa kwanza.

Julai 1

Soko. Uwatu mdogo, umekauka pembeni. Mvua hakuna.

Julai 3

Dharwad. Tumekaa kwenye benchi tangu saa tatu asubuhi. Saa kumi wakasema wiki ijayo. Wakili wetu Javali ana gauni jeusi lililotoboka kwapani. Nilimwambia nimshonee, akasema bibi, tundu hili ndilo linalopitisha hewa. Namwona mtu wa maneno tu. Nimempa bilingani sita hata hivyo. Amekonda.

Julai 9

Wingu moja. Limepita.

Julai 15

Sikwenda soko. Leo kesi iliitwa.

Mahakama Kuu wanasema Kiingereza. Nilimtazama jaji mdomo kama mtu anayetazama samaki. Wakili wa shirika alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, anasema bila kutazama karatasi. Mara moja jaji aliinua macho akamtazama Fakirappa, na Fakirappa akainamisha kichwa.

Kwenye veranda Javali alituelezea. Yule kijana amesema hivi: kwenye uchunguzi wa shirika, mtu huyu aliulizwa kama anataka abiria wale waitwe waulizwe. Akajibu hapana, sitaki. Kama hakuchukua nauli zao, aliogopa nini? Jaji ameandika hilo.

Nilimuuliza Fakirappa kama ni kweli. Akasema twende, basi litatuacha.

Nyumbani sikujizuia. Nilimwambia nilizaa mtoto nikadhani nimezaa mwanamume, kumbe nimezaa mlango. Wanawake kumi na mmoja wanaokupenda, maneno matatu tu yangekuokoa, wewe ukasema sitaki. Una ulimi wa nini, wa kulambia pilipili? Yeye alikaa, anatazama miguu yake.

Kashavva alikuwa anapiga mkate wa mtama kwa viganja. Akaacha.

"Mama, leo nitasema, hata mkate uungue."

"Kashavva, nyamaza," mwanangu akasema.

"Nimenyamaza miaka kumi na miwili. Muulize, Mama, jina la kwanza kwenye orodha ile ni la nani. Muulize kama angewaita abiria, angeanza kuitwa nani. Alisema mama yangu hasimami mbele ya meza ya wale watu aulizwe kama mwanawe ni mwizi. Basi yeye akaondoka na mkoba mtupu, na mimi nasugua vyungu vya shule, na wewe kila siku unamwita bubu."

Mkate uliungua kweli. Hakuna aliyeugeuza.

Julai 16

Sikulala. Alijua. Tangu siku ya kwanza alijua nilitangulia, na akanifundisha kusoma huku anajua. Nilikuwa nakosea herufi namrushia chaki, na yeye anajua.

Asubuhi nilisukutua nikasahau kumlaani Bellad.

Julai 19

Nimelitoa jalada la kesi sandukuni. Kashavva aliweka taa ya mafuta karibu yangu mchana kweupe, kwa sababu ya macho yangu.

Karatasi nyingi ni za Kiingereza. Lakini ile ya Bellad imeandikwa kwa lugha yetu, kwa mkono, herufi zimelala kama mtama baada ya upepo. Nimeisoma siku tatu. Herufi kwa herufi, na kidole, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Chini kabisa yapo madole kumi na moja. La kwanza ni langu. Nilidhani litakuwa kubwa. Ni dogo kama punje ya dengu.

Nilitafuta uongo wa Bellad. Nilitaka niukute niuone kwa macho yangu. Nimesoma: sisi tuliotaja majina hapa chini tumepanda kijijini kwetu kwenda soko. Kweli. Hatuna tiketi. Kweli. Kisha mstari wa tano. Niliusoma mara tatu, nikamwita Kashavva, ambaye alifika darasa la nne, aniangalie kama macho yananidanganya. Akasoma kwa sauti:

"Boni haijapatikana, hatujatoa pesa, tutalipa jioni kama kawaida."

Aliandika. Mtu yule niliyemtema miaka kumi na miwili aliandika neno kwa neno tulivyosema.

Basi kula nauli kumetoka wapi? Kashavva alifungua karatasi ya Kiingereza iliyopachikwa nyuma yake, ile ambayo shirika limempa jaji. Kiingereza chake ni cha kuhesabu vyungu, lakini alihesabu mistari. Kwenye lugha yetu mistari tisa. Kwenye Kiingereza mitano.

Fakirappa alipotoka kinuni tulimwonyesha. Akapiga chafya, akatazama, akasema, "Mstari huo naujua."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nini, Mama? Kwamba muuzaji hatoi pesa kabla ya boni? Nani asiyejua?"

Nilikaa chini. Kweli, nani asiyejua. Mkaguzi alijua. Aliyemchunguza alijua, mama yake huenda aliuza vitunguu. Sisi sote tunajua, kwa hiyo hapana aliyesema. Jaji anasoma karatasi, na karatasi haikuzaliwa kijijini kwetu.

Julai 21

Nilikwenda Dharwad peke yangu na mafungu mawili ya uwatu na ile karatasi. Javali alikuwa anakula. Nikamwekea karatasi juu ya wali.

Alisoma ya lugha yetu, kisha ya Kiingereza. Kijiko kikabaki hewani. Akasema kesi hii ameirithi kwa wakili aliyekufa, na kwamba miaka yote hii amesoma tafsiri tu. Mahakama ya Kazi iliiweka kando karatasi kwa sababu hakuna abiria aliyeitwa, kwa hiyo hakuna aliyeitazama. Nilimwambia nitasimama mbele ya jaji niseme dole hili ni langu na sikuwa nimelipa.

"Bibi, Mahakama Kuu haisikilizi shahidi. Inatazama tu karatasi zilizokwisha kuwamo jaladani."

"Hii haimo?"

"Imo," akasema. "Ndiyo ninayoiona. Imo tangu mwanzo."

Alinawa mikono mara mbili kabla ya kuishika tena. Namwomba radhi kwa kumwita mtu wa maneno tu. Lakini alinionya pia. Jaji anaweza kusema: vizuri, hakula nauli, lakini alipandisha watu bila tiketi, na kanuni inasema tiketi kwanza, ndipo basi liondoke. Hilo halina dawa.

Julai 22

Mvua. Usiku kucha na asubuhi yote. Udongo mweusi umevimba, soko halikuendeka. Kashavva alisimama uani akalowa makusudi. Nimejua kitu kimoja anachopenda.

Agosti 1

Sikukuu ya nyoka. Tumemwaga maziwa kwenye kichuguu wanamokaa. Fakirappa amefunga bembea kwenye boriti kama alipokuwa mdogo, Kashavva akapanda, mimi nikamsukuma. Aliposhuka alinipa andazi lililoiva vizuri zaidi.

Agosti 6

Kesi imeitwa. Imeahirishwa. Jaji mgonjwa. Mvua.

Agosti 12

Soko. Mvua. Uwatu umeoza mizizi. Dyamavva anauliza kesi imefika wapi, namwambia ipo kwenye matope.

Agosti 14

Leo.

Javali alisimama na gauni lake lenye tundu, akasoma ile karatasi kwa lugha yetu mbele ya Mahakama Kuu. Sijapata kusikia lugha yetu mle ndani. Hata karani wa mlangoni aligeuka. Jaji ni mtu wa kwetu, nilijua kwa alivyotikisa kichwa kwenye neno boni. Akamwuliza yule kijana wa shirika kitu. Kijana, kwa mara ya kwanza, alitafuta karatasi. Alitafuta sana. Akasema, Javali alinieleza baadaye, kwamba mfasiri aliyaacha maneno yasiyohusu.

Jaji akasema, "Yasiyohusu nini?"

Hilo alilisema kwa lugha yetu. Nililisikia kwa masikio yangu.

Kisha akamgeukia Javali naye akamkaanga. Kwa nini mteja wako hakukata tiketi akalipia mwenyewe? Kwa nini alivunja kanuni miaka minne? Javali alijibu, lakini jasho lilimtoka. Nilimtazama Fakirappa. Kichwa kilikuwa juu. Jaji amesema atatoa hukumu, hakusema lini.

Kwenye basi la kurudi nilimwambia mwanangu kwamba mimi ndiye niliyewaharakisha wenzangu siku ile. Alikata mkate wetu vipande viwili, akanipa kikubwa.

"Ungechelewesha, wangesimamisha basi mpaka mchana. Uwatu ungenyauka."

"Unanicheka."

"Kidogo, Mama."

Agosti 26

Hakuna hukumu. Ukuta wa nyuma umeanguka kwa mvua.

Septemba 2

Hakuna hukumu.

Septemba 4

Nilichukua uwatu nikaenda nyumbani kwa Bellad kumwomba radhi. Nyumba niliijua siku zote, niliipita nikitema mate. Mkewe alifungua. Amevaa sari isiyo na rangi. Mumewe alikufa miaka minne iliyopita, kwa moyo.

Nilikuwa namlaani maiti. Miaka minne kila asubuhi.

Nilimwambia mjane mumewe aliandika kweli. Akasema ndiyo, alikuwa na mwandiko mbaya lakini alikuwa hadanganyi, kwa nini? Nikampa uwatu bure. Alikataa kuupokea bure, nikakataa kupokea pesa. Tumelia wote wawili, sijui yeye alilia nini.

Septemba 11

Hukumu imetoka.

Arudishwe kazini. Hakula nauli, jaji ameandika wazi, kuna mtu anayetia pesa mfukoni na kuna mtu anayeingoja pesa, na shirika lilimfukuza wa pili kwa kosa la wa kwanza. Lakini mishahara ya nyuma alipwe nusu, kwa sababu tiketi ni tiketi na kanuni aliivunja kwa kujua.

Fakirappa alisikiliza kwenye simu ya jirani. Alipomaliza alikwenda kukoga, ingawa si saa ya kukoga. Kashavva aliketi kizingitini. Nilidhani atafurahi. Akasema, "Nusu." Kisha akasema, "Na ile nusu nyingine ni miaka yangu au yake?" Nilimchana nywele. Zimejaa mvi, na mimi sikuona zilipoanza.

Septemba 29

Barua imefika. Kesho Fakirappa aripoti kazini. Basi la njia yetu, zamu ya asubuhi. Amebakiza mwaka na siku chache. Kashavva amepiga pasi shati la kaki, limembana tumboni. Mwanangu ametoa mkono mara tatu kama anayekata tiketi, akidhani hatumwoni.

Septemba 30

Jumanne. Nilikuwa nafunga mzigo wangu uani, bado giza, Kashavva akatoka na noti ya rupia kumi.

"Nipe fungu moja."

"Si unauchuma bure hapo nyuma ya nyumba?"

"Leo nanunua. Pokea, Mama, mkono ufunguke."

Nilimtazama. Nikapokea. Nikaigusisha noti machoni. Mwanamke huyu, miaka thelathini.

Kituoni walikuwapo wenzangu, tumebaki tisa, wawili wamekufa. Nilikwenda kwa Dyamavva nikanunua bilingani za rupia kumi kwa noti ileile. Alinishangaa, mimi sili bilingani zake, nasema zina uchungu. Kisha akaelewa. Aligusisha machoni, akageuka akanunua pilipili kwa wa pembeni yake. Wa pilipili akanunua kitunguu. Noti ikatembea mikono tisa, wa mwisho akanunua uwatu kwangu, ikarudi. Basi lilipotokea kwenye kona sote mikono ilikuwa wazi.

Dakika tano hazikufika. Fungu moja la uwatu. Nilipanda basi na mzigo wangu. Miaka kumi na miwili, na tulikuwa tunasimama pale pale, na vikapu vile vile.

Fakirappa alianzia mbele. Tiketi kwanza, basi likasubiri, dereva akapiga honi akimtania. Alipofika kwangu hakuniita mama.

"Unakwenda wapi?"

"Sokoni."

Nilimpa ile noti. Kwenye kucha zake wekundu wa pilipili bado haujatoka. Akakata tiketi, akanirudishia rupia moja, akapita kwa Dyamavva.

Tiketi nimeibandika hapa kwa uji wa unga. Nimeisoma yote, tarehe, kutoka, kwenda, nauli tisa. Pembeni dole langu limeacha alama, ya unga tu.